Fuawe kubwa iliyotumika: yenye makovu, iliyong'arishwa, au pande la shafti?

Muuza skrepa wa Vingunguti, Dar es Salaam, alipangusa vumbi kwa kiganja, akanionyesha namba tatu zilizochimbwa kwenye kiuno cha fuawe, lile pande la chuma ambalo mhunzi hufulia juu yake: 2, 3, 7. "Bosi, mia mbili thelathini na saba. Imeandikwa yenyewe, mzani wa nini tena?" Akazidisha kwa bei ya kilo kwenye simu yake, kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe.

Nikamwomba tuipandishe tu kwenye mzani. Vijana wanne, mtaimbo mmoja, maneno mengi. Mzani ukasoma 140.

Yule kijana hakuwa mwongo. Alisoma alichokiona. Lakini namba zile si kilo, ni hesabu ya kale ya Waingereza. Ya kwanza ni mafungu ya ratili 112. Ya pili ni robo za fungu hilo, ratili 28 kila robo, na ndiyo maana haizidi 3 kamwe. Ya tatu ni ratili zilizobaki. Basi 2, 3, 7 ni 224 na 84 na 7, jumla ratili 315, ambazo ni kilo 143. Kilo tatu zimeliwa na kutu, nyundo na pembe iliyochoka. Zile 97 za ziada ningelipia hewa.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo kosa linalokula pesa nyingi kuliko yote, na halihitaji ufundi kulikwepa. Kabla ya kujadili bei, uliza mzani uko wapi.

Mpwa wangu amemaliza mafunzo yake chuo cha ufundi cha VETA, Chang'ombe, na anataka kufungua kibanda. Kazi anayoitaka ni mageti na madirisha yenye mapambo, nondo zilizosokotwa, majani, mikunjo ya konokono. Mimi niko Tandika, kazi yangu ni kunoa na kufua upya sururu, mitaimbo na tindo, nyingi za wapasua mawe wa Kunduchi, na nikipata springi nzuri ya lori nafua visu vya bucha. "Mjomba, nitafutie fuawe kubwa," aliniambia. "Kubwa kabisa." Hilo neno "kubwa" lilituzungusha mjini miezi miwili. Tuliona nyingi, tano zilistahili kuzungumzwa, na nazilinganisha hapa kwa ajili ya yeyote anayetafuta kama sisi.

Nikiri mapema kwamba mimi ni mgonjwa wa fuawe. Wenzangu wakiingia karakana ya watu hutazama gari lililo juu ya jeki, mimi natazama pembeni, chini ya benchi, nione gogo limebeba nini. Kwa hiyo sifa nyingine hapa chini ni za moyo, nitajitahidi kuzitenga na zile za kazi.

Kwanza, kwa nini kubwa? Mafundi wengi hutumia kipimo cha mkono kwamba fuawe iwe na uzito mara hamsini ya nyundo yako. Nyundo ya kilo 2, fuawe ya kilo 100. Si sheria ya serikali, lakini ukiipuuza utaona. Fuawe nyepesi hurukaruka na kutembea juu ya gogo, na kila inaporuka imekula sehemu ya pigo lako. Unachoka wewe, chuma kinapoa, umbo halijaja. Wahunzi wa zamani nchini mwetu walilijua hilo bila mzani wowote, walifua majembe juu ya jiwe kubwa lililozikwa nusu ardhini, na jiwe likizikwa hivyo halirukiruki. Hata hivyo uzito ni swali la pili. La kwanza ni uso.

Ya Vingunguti na ya Chang'ombe

Ile ya Vingunguti ni Peter Wright, ya Dudley, Uingereza. Jina halikusomeka mpaka nilipopaka chaki ubavuni nikapangusa kwa kiganja, chaki ikabaki ndani ya herufi. Umbo lake ndilo watu wanalochora wakiambiwa wachore fuawe: pembe moja ya mviringo mbele, kidaraja kidogo nyuma ya pembe, uso mrefu, halafu mkia wenye matundu mawili. Tundu la mraba ni la kusimamishia tindo na vikalio vya kukunjia, la mviringo ni la kutobolea. Kiunoni na chini ya kitako ina vishimo vya mraba, ambavyo wafuaji wake waliingizia vyuma vya kuishikia ilipokuwa bado moto. Ukiviona, ujue mwili ulifuliwa kwa nyundo, haukumiminwa.

Mwili huo ni chuma laini. Juu yake limeunganishwa kwa moto bamba la chuma kigumu, unene wa sentimita moja na kitu. Chuma kigumu kilikuwa ghali, hawakuona haja ya kukijaza hadi miguuni. Kila kitu kuhusu kununua fuawe ya Kiingereza kimo kwenye bamba hilo. Likiwa zima, fuawe ni nzima hata kama imezeeka vipi. Likiwa limeisha au limeachana na mwili, umebaki na tofali la chuma laini lenye sura nzuri.

Namna ya kulipima ni ya bei rahisi. Chukua gololi ya beringi yenye kipenyo cha inchi moja hivi, simamisha rula ya shule juu ya uso, iachie gololi kutoka sentimita 25 na utazame inarudi hadi wapi. Uso mzuri unairudisha sentimita 19 hadi 22. Usipime mahali pamoja tu. Tembea nayo kama mtu anayegonga nazi kutafuta koroma: katikati, kando, karibu na pembe, juu ya mkia. Mahali gololi inapozama ghafla, bamba limeachana na mwili chini yake, na ukigonga kwa nyundo ndogo papo hapo utasikia sauti ya chungu chenye ufa.

Ya Vingunguti ilirudisha 20 na 21 katikati, 19 karibu na pembe, 17 mkiani. Na sura yake ilikuwa mbaya kweli. Uso umebonyea kidogo katikati, kando zimeviringika kama sabuni iliyotumika, kuna makovu ya tindo kila mahali, ncha ya pembe imekuwa kama pua ya bondia. Mpwa wangu aliitazama akanitazama mimi. "Mjomba, hii ndiyo?"

Nikamwambia asubiri aone nyingine.

Nyingine ilikuwa Chang'ombe, nyuma ya karakana iliyofungwa, imefunikwa turubai pamoja na mota mbovu. Mlinzi mzee alitufunulia. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu. Mmeijia hii? Watu huja kuipiga picha, hawarudi." Nilielewa kwa nini. Ilikuwa ya Kijerumani, pembe mbili, moja ya mviringo na moja ya pande nne iliyochongoka kama paa la msikiti wa kijijini. Kiuno kinene, hakijabanwa kama cha Kiingereza. Ubavuni pameandikwa 200, na hapo hakuna hesabu ya kupiga: Wajerumani waliandika kilo, basi. Hapakuwa na jina la mtengenezaji.

Mji huu kupata zote mbili si ajabu. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Reli haijengwi bila wahunzi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakachukua nchi, na wao wakaleta vifaa vya kwao, bandarini, relini, kwenye mashamba ya mkonge. Misheni nazo zilikuwa na karakana. Vyote hivyo vikichakaa hushuka taratibu kuelekea kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na vikifika huko vina njia mbili tu, kupata fundi au kupata tanuri la kuyeyushia nondo. Nikiona fuawe kwenye lundo la skrepa moyo unanienda mbio kwa sababu hiyo. Nondo mpya zipo kila duka. Fuawe ya miaka mia ikiyeyushwa haitafuliwa tena.

Gololi kwenye ile ya Kijerumani ilirudi 22. Pembeni 22. Juu ya pembe ya pande nne, 21. Nilirudia mara tatu kwa raha tu, mlinzi akacheka. Tofauti iko kwenye mwili. Huu ni chuma kigumu kizima kuanzia juu hadi kitakoni, hakuna bamba la kuachana. Halafu uzito wake umejaa chini ya pale unapopiga. Ya Kiingereza ina pembe ndefu na mkia mwembamba, kilo nyingi ziko mbele na nyuma, na ukipiga kwa nyundo ya mikono miwili juu ya mkia unausikia unacheza. Ukiwa na mpigaji wa pili mwenye nyundo ya kilo 5, mnafua mtaimbo mnene, ya Kijerumani inakaa kimya kama mzee kikaoni.

Kizuri hakikosi ila. Kona moja ilikuwa imemeguka kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Hiyo ndiyo bei ya ugumu: mtu akikosea akapiga nyundo moja kwa moja kwenye kando iliyo kali, hasa kama chuma cha moto hakipo katikati, kando humeguka na kuruka. Makovu ya ile ya Kiingereza ni ya kubonyea, ya Kijerumani ni ya kuvunjika. Kovu la kubonyea unaweza kuishi nalo. La kuvunjika pia, ilimradi umebakiwa na kando nyingine nzima na uvae miwani.

Kwa mapambo ya mageti, pembe ndefu ya Kiingereza ina faida. Mikunjo mikubwa na midogo yote inapata mahali pake, kutoka unene wa shina hadi wembamba wa ncha, na ncha iliyopondeka inarekebishika kwa tupa na subira. Pembe ya mviringo ya ile ya Kijerumani ni fupi na nene zaidi. Ila ile pembe nyingine, ya pande nne, nimeitamani tangu siku ile kwa kazi ya kukunja kona kali na kupanua macho ya sururu. Kwenye fuawe ya Kiingereza hiyo kazi unaifanya kwa kuhangaika na kikalio ndani ya tundu la mraba.

Ile iliyong'aa

Tulipofika Gerezani mpwa wangu alitabasamu kwa mara ya kwanza. Fuawe imepakwa rangi ya kijani, uso unang'aa mpaka unajiona meno. Umbo la Kiingereza, kilo 110 hivi kwa macho. Muuzaji alikuwa mchangamfu. "Mzee, hii nimeipeleka mashine. Uso umenyooka kama kioo, kando kali, hupati nyingine mjini." Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya niliyokuwa nimeifikiria kwa ile ya Vingunguti.

Nikatoa gololi. 15. Sentimita kumi kando, 13. Karibu na mkia, 9.

Nikachuchumaa nikatazama ubavuni, chini ya rangi. Mstari wa muungano wa bamba ulionekana. Upande mmoja bamba lilikuwa limebaki nusu sentimita, upande wa pili lilikuwa mstari tu. Fuawe ilikuwa imebonyea katikati kama zote za umri wake, mtu akaipeleka kusawazishwa, na ili kufika chini ya bonde lile mashine ilibidi ikwangue kila kilichosimama kuzunguka. Ikakwangua hasa kile tunachokinunua. Huwezi kukirudisha. Bamba likishakuwa jembamba hivyo, mapigo yanapita hadi kwenye chuma laini, na uso utabonyea upya ndani ya mwaka, safari hii bila cha kuuzuia.

Kuna na namna ya pili ya kuharibu, na ni ya mtaani kwetu zaidi. Fundi anajaza kando zilizoviringika kwa elektrodi ya kawaida ya kuchomelea mageti, kisha anasawazisha kwa grainda. Inapendeza. Lakini elektrodi ile ni laini, na joto la ghafla kwenye sehemu moja ya bamba baridi linapasua ugumu uliokuwepo jirani. Kazi hiyo hufanywa na wanaoijua kwa kuipasha fuawe nzima kwanza hadi kama nyuzi joto 200, kwa elektrodi maalumu za uso mgumu, na kuiacha ipoe polepole. Sijui vijiwe vingapi vitakubali kukaa na fuawe ya kilo mia juu ya mkaa kutwa nzima kwa ajili ya kando. Mimi ningesema ziache zilivyo. Kando iliyoviringika ina kazi yake, inakunja chuma bila kukikata, na mafundi wenye fuawe mpya hukaa na tupa wakiviringisha kando zao makusudi. Ukihitaji kona kali, tengeneza kikalio kidogo cha kuingia kwenye tundu la mraba.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile ilikuwa imepakwa hadi rangi ya kutembea nayo. Mpwa wangu aliumia kuiacha. Muuzaji naye alinuna, akasema gololi ni ya watoto. Mtu akikukatalia kupima, shukuru, amekuokolea muda.

Jambo moja kuhusu sauti, kwa sababu wengi husikia fuawe ikilia vizuri wakamaliza ununuzi hapo hapo. Mlio safi ni dalili njema kwa fuawe ya Kiingereza, na chuma cha Kiswidi kama Kohlswa hulia kuliko zote. Ila kukosa mlio si ushahidi peke yake. Kampuni ya Fisher ya Marekani ilitengeneza fuawe zenye nembo ya tai, mwili wa chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, na bamba gumu juu, hazilii na bado gololi huruka vizuri. Na fuawe iliyokaa juu ya udongo au imebanwa kwenye gogo haitalia kama ilivyo. Amini rula kuliko sikio. Halafu kama unaishi uswahilini kama mimi, mlio si sifa hata kidogo. Jirani yangu ana mtoto mchanga. Sumaku ya spika mbovu ikibandikwa chini ya mkia, au mnyororo ukizungushwa kiunoni ukakazwa, unapunguza nusu ya kelele.

Mpya ya dukani

Nitapita haraka. Kariakoo tulikuta fuawe mpya ya kilo 50, rangi ya bluu, herufi zimetuna badala ya kuchimbwa, na mstari wa kalibu umepita katikati toka pembe hadi mkia. Chuma cha kusubu, ndugu wa mifuniko ya chemba. Gololi ilianguka ikakaa, kama imechoka na safari. Muuzaji hakuwa na neno tulipoomba kujaribu grainda kidogo chini ya kitako: cheche zikatoka fupi, nyekundu, zikafa karibu na jiwe. Chuma kigumu hutoa cheche ndefu nyeupe zinazopasuka mbele. Ipo mipya iliyosubiwa kwa chuma kigumu cha kweli, na hiyo inafaa, kwa hiyo usiikatae fuawe kwa kuwa ni mpya au imetoka China. Ipime kwa gololi ileile. Hii ya bluu inafaa kuzuia mlango.

Pande la shafti

Sasa ile ambayo watu hawaiiti fuawe. Mbagala, kwenye uwanja wa vyuma chakavu, kulikuwa na kipande cha shafti ya mashine kubwa, kipenyo sentimita 20, urefu 40. Chuma kina uzito wa karibu gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo hata bila mzani unaweza kujua: kilo 99 kasoro kidogo. Bei yake, ileile ya skrepa, bila nyongeza ya jina.

Kosa wanalofanya wengi ni kulilaza. Lisimamishe. Likisimama, kilo zote 99 ziko chini ya nyundo yako kwenye mstari mmoja, hakuna pembe wala mkia unaoning'inia pembeni. Kwa pigo la katikati, kipande hiki kinasimama bega kwa bega na fuawe ya Kiingereza yenye uzito zaidi. Gololi ilirudi 17, kwa sababu shafti hiyo haikutiwa ugumu wa juu kama uso wa fuawe. Kwa kazi yangu ya kunyoosha ncha za sururu na mitaimbo, inatosha na kubaki. Uso ni mduara wa sentimita 20, mdogo kwa mtu anayenyoosha nondo ndefu, na hakuna kando hata moja iliyonyooka mpaka uikate mwenyewe kwa grainda. Pembe hakuna. Mpwa wangu angehitaji kutafuta bomba nene au chuma kilichochongoka akibane kwenye jiliwa kwa ajili ya mikunjo yake, na atachoka kuhama huku na huku chuma kikipoa.

Na reli je? Vijiweni kwetu ndiyo fuawe ya kawaida kuliko zote, mpaka wengine wakisema "reli" wanamaanisha fuawe. Chuma chake ni kizuri. Umbo ndilo tatizo, kwa sababu ikilazwa kama inavyolala njiani, kichwa kinakaa juu ya ukuta mwembamba na pigo linadundadunda. Nayo pia hufaa zaidi ikisimamishwa, ufulie kwenye mkato wa juu. Reli nzito za kisasa ni kilo 60 kwa mita, kwa hiyo kipande cha mita moja tayari kina uzito wa maana, kwenye uso mdogo kama sahani ya chai. Lakini kipande cha reli kina mwenyewe, na mwenyewe ni umma. Sitanunua kisichokuja na maelezo na risiti, na sikushauri. Hilo ni kwa fuawe zote pia: nunua kwa mfanyabiashara mwenye kibali cha vyuma chakavu, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe "fuawe" na kilo zake. Siku mtu akija kudai kwamba imetoka kwenye karakana yao, utakuwa na karatasi mkononi.

Kuibeba na kuikalisha

Fuawe ya kilo 140 watu wanne wanaibeba, ya kilo 200 inawabeba wao. Sema hilo moyoni kabla ya kulipa. Ya Vingunguti tuliipakia kwenye kirikuu kwa kuitembeza juu ya ubao, kona baada ya kona, tairi kuukuu likiwa chini yake ndani ya bodi ili isitoboe sakafu wakati wa mashimo. Ya Chang'ombe ingehitaji winchi ya mnyororo na mlango mpana kuliko wa kibanda changu.

Gogo nalo tatizo lake hapa kwetu ni mchwa. Mwembe ni mzito lakini huliwa. Nimetumia mwarobaini miaka kadhaa, mchwa hauupendi. Sasa naona afadhali sanduku la bamba nene la chuma lililojazwa mchanga na kufunikwa kwa ubao mgumu, linameza mlio na haliozi masika maji yakiingia kibandani. Urefu: simama wima, mkono uning'inie, kunja ngumi. Uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya vidole. Ikiwa juu zaidi bega litakulaumu, ikiwa chini zaidi ni mgongo. Na kwa hewa yetu ya chumvi, paka oili kila jioni, hata oili chafu ya gari. Usiku mmoja wa kusahau unatosha kuuona uso umevaa kanzu nyekundu.

Sasa, kwa nani ipi

Ningekuwa na pesa ya moja tu na kazi yangu ni mapambo na mambo ya kila aina, ningechukua ya Vingunguti bila kutazama nyuma, makovu yake yote. Ningekuwa naanza na mfukoni hamna kitu, ningechukua shafti kesho asubuhi, nifue mwaka mzima, nitafute pembe baadaye. Ningekuwa na karakana ya watu wawili watatu, sakafu ya zege, kazi nzito za mitaimbo na vyuma vya malori, ya Kijerumani haina mshindani, hata na kona ile iliyomeguka. Ile ya kijani nisingeichukua hata kwa bei ya skrepa, maana ingenishawishi kila siku kwamba nina fuawe.

Mpwa wangu aliendelea kuitaja ya kijani kwa wiki nzima. Kisha tukarudi Vingunguti, tukalipia kilo 140, si 237, baada ya mabishano marefu ambayo yaliisha pale nilipomwandikia kijana hesabu ya ratili kwa chaki juu ya fuawe yenyewe. Akaipiga picha. Nadhani sasa anawauzia wengine kwa hesabu sahihi, au anawaficha. Siku ya tatu mpwa wangu alinipigia simu. Alikuwa amekunja konokono yake ya kwanza juu ya ile pembe yenye pua ya bondia, na kando iliyoviringika ilikuwa haijaacha hata alama moja kwenye nondo. "Mjomba, usiiguse kwa grainda ukija." Sikuwa na nia hiyo.

Mimi nilichukua shafti. Nimeisimamisha kwenye mchanga mkabala na jiko, inafanya kazi yake na haidai kutazamwa.

Ya Kijerumani bado iko Chang'ombe. Mlinzi amenizoea, hanifunulii tena turubai, ananiachia nifunue mwenyewe. Ijumaa nilipita nikakuta mtu ameweka ndoo ya rangi juu ya uso wake. Nikaiondoa, nikapangusa duara la maji kwa shati, nikatoa gololi.

Ishirini na mbili.